Polio niliugua 1972, mbona mguu mzima ndio unakufa sa hivi?

Shangazi shikamoo. Najua labda tunalingana umri au hata mi nimekuzidi lakini wewe ndo shangazi wa hapa kwa hiyo shikamoo naitoa tu haina shida.

Mi ni fundi cherehani Tanga mjini, nashona barazani toka 1993, sare za shule, kanzu, magauni msimu wa harusi ukifika, na cherehani yangu ni ile ile Butterfly ya kukanyaga niliyoanza nayo. Polio niliipata nikiwa na miaka miwili, marehemu mama alikua ananihadithia homa ilikuja usiku, siku ya tatu mguu wa kulia umelala hausogei. Udogoni hospitali ya misheni walinifunga vyuma vya mguu, nikavaa mpaka vikanibana nikaviacha, na tangu hapo natembea nimebonyeza paja la kulia kwa mkono, kila hatua mkono uko juu ya goti, ukiniona njiani utanijua. Cherehani nakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Nimeoa, nimelea watoto wanne, nimegombania daladala kama wengine, sijawahi kujiita mgonjwa hata siku moja.

Sasa shida yangu ni huu mguu wa kushoto, ule mzima. Inakwenda miaka miwili unachoka ovyo, kutoka nyumbani hadi msikitini ambako nilikua naenda bila kufikiria sa hivi lazima nisimame mara mbili nijifanye naongea na watu, nikifika saa nane mchana mwili wote umeisha kama nimebeba magunia, usiku shavu la mguu linakaza mpaka napiga kelele. Ngazi ndo usiseme.

Kijana wangu yuko Dar, akaniambia baba umekaa sana, misuli imelegea, akanilipia jim miezi mitatu. Nikaenda. Mwalimu wa pale kijana mzuri tu ana heshima ila kazi yake ni moja, mzee jikaze, ikiuma ndo inajenga, akanipigisha skwati nimeshika chuma, siku nne kwa wiki. Wiki ya kwanza nikasema labda ni ugeni. Wiki ya tatu asubuhi natoka kitandani mguu wa kushoto unatetemeka kama wa mtoto anayejifunza kutembea, na jioni yake nikaanguka stendi mbele za watu, nikachubuka mkono wote. Hospitali wakapiga eksirei wakasema mfupa mzima, ni umri tu mzee, wakanipa diklofenaki. Shemeji yangu yeye anasema kuna mtu kanitupia kitu, kwa sababu mguu mbovu haujaguswa umeguswa ule mzima, na we mwenyewe ukiangalia unaona kama ana hoja.

Shangazi nina maswali matatu. Je polio imerudi? Na kama imerudi wajukuu nalala nao chumba kimoja itakuaje? Na mazoezi niache kabisa au nijikaze zaidi, maana kijana keshalipa.

Fundi wa barazani, Tanga

*

Marahaba fundi, na pole sana kwa kuanguka, na pole zaidi kwa kuanguka stendi maana pale huanguki peke yako, unaanguka na maoni ya watu mia.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonisimamisha sio jim. Ni pale uliposema unakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, ukapita haraka haraka kama sio kitu. Fundi, toka 1993! Huo mguu umefanya mazoezi miaka thelathini na ushee, kutwa nzima, siku sita kwa wiki, na ukitoka hapo ndio huo huo unaobeba mwili kila hatua kwa sababu mwenzake hawezi. Halafu anakuja mtu anakwambia umelegea kwa kukaa. Mi nimefanya kazi ya fizio, tiba ya viungo kwa mazoezi, miaka mingi na ningekua mimi ndo huo mguu ningegoma zamani.

Nianze na hofu yako. Polio haijarudi. Kirusi kiliondoka mwilini mwako mwaka ule ule wa 1972, wajukuu huwaambukizi kitu, lala nao, wasimulie hadithi. Wao wapewe matone na sindano zao kliniki kama ratiba inavyosema, basi.

Kilichobaki ni hasara ambayo kirusi hicho kiliiacha. Ndani ya uti wa mgongo kuna chembe za neva ambazo kazi yake ni kuamrisha misuli, kila chembe ina nyuzi zake za msuli inazozilisha amri, kama baba na watoto wake. Polio iliua hao kina baba wengi, nyuzi zikabaki yatima. Sasa waliosalimika wakafanya kama tunavyofanya sisi msiba ukitokea, wakagawana watoto. Neva zikachipua matawi mapya, aliyekua na watoto wake watano akajikuta ana ishirini (ni mfano tu, usiende kuhesabu), na ndo maana utotoni ulipata nguvu tena ukasimama. Tatizo ni kwamba mlezi huyo kalea mzigo ule miaka arobaini hamsini, kazeeka, anaanza kuwaachia mmoja mmoja. Madaktari wanaiita hali ya baada ya polio, huwa inakuja miaka kumi na tano au zaidi baada ya mtu kupona na kutulia, inakuja na udhaifu mpya, uchovu wa mwili mzima na maumivu. Ule uchovu wako wa saa nane mchana ningeweza kuuandika mimi bila wewe kuniambia.

Mbona mguu mzima? Kwa sababu haukuwa mzima. Msuli unaweza kupoteza kama nusu ya chembe zake za neva na bado ukapimwa ukaonekana una nguvu, kwa hiyo inawezekana kabisa 1972 mguu wa kushoto nao uliguswa ila ulifidia vizuri hakuna aliyejua. Mwambie shemeji hoja yake ni nzuri ila jibu lake lipo kwenye uti wa mgongo.

Lakini hapa naomba usinielewe vibaya, mimi nimesoma barua sijakushika mguu. Hali hii hakuna kipimo kimoja kinachoionyesha, inathibitishwa kwa kuondoa mengine kwanza. Rudi hospitali, ikibidi nyingine, useme neno polio mlangoni kabisa, mwambie daktari udhaifu ni mpya na una miaka miwili, waangalie sukari, damu, tezi ya shingo, vitamini B12, na mgongo wa chini maana fundi anayeinamia kitambaa miaka yote hiyo pingili zinaweza kubana neva na zikaleta mambo yanayofanana. Diklofenaki usiimeze kila siku kama karanga, inachoma tumbo na figo. Na wakikwambia kuna dawa ya kurudisha nguvu uliza jina lake, maana dawa zimejaribiwa, za steroidi, ya piridostigmini, hazikusaidia.

Haya mazoezi sasa. Umeuliza uache au ujikaze na mi nakujibu si hili wala lile. Kwenye mwili wako kuna udhaifu wa aina mbili umechanganyika. Upo wa mlezi aliyechoka, huo ukiukaza unaumaliza. Na upo wa msuli ambao haujatumika, mfano nyonga na mgongo wako kwa kukaa kwenye kiti kutwa, huo ukiufanyisha kazi unaamka. Mwaka 2006 jopo la madaktari wa neva wa Ulaya walipitia tafiti zilizokuwepo wakasema mazoezi ya nguvu yenye usimamizi ni salama na yanasaidia kuzuia kudhoofika zaidi, ila angalia walisema kwa misuli iliyodhoofika kidogo au kiasi. Kwa misuli iliyodhoofika sana walisema hakuna tafiti. Na wakasema kitu kilichonifurahisha, kwamba mazoezi kwenye joto na ndani ya maji bila kuogelea yanafaa hasa. Wenzetu kule wanapanda ndege kutafuta joto na maji, wewe unakaa Tanga.

Kwa hiyo hatua ya kwanza sio zoezi, ni mota. Nenda kwa wauza spea za cherehani ununue mota ifungwe kwenye hiyo Butterfly yako, inakaa tu vizuri, kile kipedeli chake unakigusa kwa ncha ya mguu, na ukiweza kakigeuze ukikanyage kwa kisigino au hata ukibonyeze kwa goti. Umeme ukikatika kata kitambaa, piga pasi ya mkaa, fanya finishingi, usirudi kukanyaga. Mguu una akiba ya hatua kadhaa kwa siku, sasa hivi unazitumia zote kabla ya adhuhuri ukiwa umekaa, halafu unashangaa mbona za kwenda msikitini hamna.

Kaa na hiyo mota wiki mbili au tatu bila zoezi lolote, pumzika, mchana lala nusu saa mwili umenyooka. Ule mtetemo wa asubuhi ukiisha ndo tunaanza.

Siku moja unafanya, moja au mbili unapumzika, na ufanye asubuhi kabla hujachoka. La kwanza kukaa na kuinuka. Chukua kiti kigumu, juu yake weka vitambaa vilivyokunjwa kiwe kirefu, sogea mbele, inuka, kaa taratibu. Mara tano tu. Pumzika dakika mbili kamili, tano tena, umemaliza, funga. Najua utasema hii ni kazi ya watoto, kule jim nilikua nabeba chuma, na ndo hapo hapo ninapokutaka, uishie ukiwa bado unaweza. Ukiona mguu umeanza kutetemeka umeshapitiliza. Wiki zikienda vizuri hatuongezi idadi haraka, tunapunguza kitambaa kimoja kiti kishuke kidogo.

La pili ni nyonga, na hili watu wanalidharau wakati ndilo linalozuia mwili kuyumba ukitembea. Lala kwenye mkeka ubavu wa kulia, inua mguu wa kushoto kidogo tu, shusha. Ukishindwa kuinua lala chali uuteleze pembeni juu ya mkeka na kurudi. Mara tano hadi nane. La tatu ukiwa chali umekunja magoti inua makalio, hesabu hadi tano, shusha, mguu wa kulia ukiteleza mama watoto akushikie. Halafu geuka ulale kifudifudi dakika kumi hivi, hapo hufanyi kitu, unanyoosha tu nyonga maana mtu anayekaa kutwa nyonga inakunja na nyonga iliyokunja inakula nguvu kila hatua.

Shavu la mguu wa kushoto linyooshe usiku taratibu kabla ya kulala, itapunguza kukaza. Ila mguu wa KULIA sikiliza vizuri. Kama kisigino cha kulia hakigusi chini vizuri, shavu la mguu limekaza, usikubali mtu yeyote, awe mchuaji awe mtu wa jim, akuvute huo mguu unyooke. Kwa mtu ambaye msuli wa mbele ya paja umekufa, ule ukakamavu wa shavu la mguu mara nyingi ndo unaosaidia goti lisikunjike ukikanyaga. Nimewahi kuona mtu kanyooshwa kwa nia njema kabisa akatoka pale hawezi kusimama. Kwanza mtu anayejua akuangalie unavyotembea. Na msuli wa paja la kulia wenyewe usihangaike kuujenga, hauwezi hata kunyoosha goti, haujengeki huo, unasaidiwa kwa kifaa.

Maji. Ufukwe wa Raskazone unaujua kuliko mimi. Nenda asubuhi maji yakiwa yametulia, nenda na kijana mwenye nguvu na sio wa kuchezea simu, ingia mpaka kifuani, hapo uzito unaobaki kwenye miguu ni kama theluthi tu, tembea mbele, tembea ubavu, dakika kumi za mwanzo zinatosha. Ukitoka ndio uwe makini maana ukitoka majini mwili unakua mzito ghafla, watu wanaanguka pale pale ufukweni.

Utajuaje umezidisha? Asubuhi ya kesho yake ndo inayosema. Ukiamka uchovu wa jana bado upo, au mguu unauma ndani, au unatetemeka, basi punguza nusu zoezi linalofuata. Usisubiri wiki tatu. Kwenye daftari lako la vipimo vya wateja geuza ukurasa wa mwisho, andika kila siku vitu vitatu, umesimama mara ngapi njiani kwenda msikitini, umeinuka kitini mara ngapi kabla mguu haujachoka, na saa ngapi uchovu umeanza. Wewe ni mtu wa vipimo bwana, usijipime kwa hisia.

Nimetaja msikiti, niseme na hili. Rakaa za faradhi ni kumi na saba kwa siku na kila moja ina kushuka na kuinuka. Kama bado unashuka chini mpaka leo, mgonjwa karuhusiwa kusali kwenye kiti, kaa na sheikh wako mlizungumze. Najua inauma kukaa kitini wakati wenzako wako safuni, nimewaona wanaume wakilia kwa hilo kuliko kwa mguu wenyewe.

Fimbo shika mkono wa kushoto, mkono wa kulia una kazi yake kwenye paja. Urefu wake chukua tepu, vaa viatu, mkono uning'inie, pima kutoka kwenye kiungo cha kiganja hadi sakafuni. Halafu panga safari ya Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya miguu, nako watu kama wewe wamewaona wengi. Vyuma vya utotoni vilikua vizito, siku hizi kuna vya plastiki vinavyoingia ndani ya suruali na wewe suruali unajishonea mwenyewe. Goti la kulia likishikwa na kifaa mkono unaachia paja, mgongo unanyooka, na mguu wa kushoto unapata mwenzake kwa mara ya kwanza toka 1972. Wakikuinulia soli ya kiatu cha kulia usishangae wasipoilinganisha kabisa, huwa wanaacha kidogo makusudi ili mguu upite bila kuburura.

Ila hayo yote weka pembeni ukimbie hospitali kama unaamka na kichwa kizito kila asubuhi, au huwezi kulala chali kwa pumzi, au chakula kinakupalia mara kwa mara. Misuli ya kupumua na kumeza nayo inaweza kuguswa.

Na nyie wengine mnaosoma mkiwa na magonjwa mengine ya misuli na neva, haya ni ya huyu fundi, msinakili. Mtoto wa kiume mwenye kile cha Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaokula misuli, kwa mfano, vyuma vizito na kushuka ngazi mara nyingi kunachana msuli wake, wakati watoto wenye ugonjwa wa neva wa Charcot-Marie-Tooth, ule wa upinde wa unyayo kuinuka sana na unyayo kuburura, utafiti wa Australia uliotoka 2017 kwa watoto 60 ulionyesha zoezi la kuinua unyayo kwa uzito ulioongezwa kidogo kidogo, miezi sita, lilipunguza kasi ya kudhoofika na halikuwadhuru. Ugonjwa ni tofauti, zoezi ni tofauti. Niandikieni kila mtu na lake.

Kijana wako fundi nampa heko, mtoto anayemlipia baba yake jim ni mtoto. Mwambie aongee na wenye jim wamrudishie miezi iliyobaki, wakikataa nenda ukafanye ya mikono na mgongo tu ukiwa umekaa, vyuma vyepesi, na skwati mwachie mwalimu. Hela wakirudisha, zianzie kwenye mota.

Baada ya wiki nane nitumie huo ukurasa wa mwisho wa daftari.